Kitabu Kimoja, Vipande Vitatu

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Mwezi wa tatu ilipenya bati la banda langu,
ikadondokea rafu, gundi ikaachia,
na riwaya niliyoiokota mtumbani Mwanjelwa, kati ya makoti,
haina jalada, haina jina la aliyeitunga,
ikanimeguka mkononi kama kiazi kilichoiva mno.

Vipande vitatu.
Subilaga wa ndizi akachukua mwanzo.
Ambakisye, anayepima maziwa kituoni, akabeba mwisho,
maana hana subira, hata chai huinywa ikimbabua.
Mimi nikabakiwa na katikati,
ukurasa wa tisini na saba hadi mia moja na tisini:
nimepakuliwa samaki asiye na kichwa wala mkia.

Jioni, ukungu unaposhuka kutoka Rungwe
ukafuta duka la mbele, kisha barabara, kisha kizingiti,
tunakaa juu ya marobota ya vitambaa
tunabishana.

"Melania ndiye mwana," anasema Subilaga.
"Kambeba baba yake mgongoni, mto umefurika,
msichana wa miaka kumi na minne!
Nimelia mpaka nimeunguza maharage."

"Mwizi," anajibu Ambakisye, hata hajakaa.
"Shamba la marehemu kaliuza lote, kahawa na kaburi humo humo.
Wadogo zake wanarudi, wanakuta uzio wa mtu.
Mwandishi kampa kifo laini. Mimi ningemnyima hata sanda."

"Gwe! Usitumalizie!"
"Nimemaliza nini? Nimesema kafa. Nani hafi?"

Kisha wananigeukia, kama mimi ndiye hakimu.
Nawaambia nilichonacho.
Kwangu Melania hambebi mtu, haibi kitu.
Kwangu ana kibatari na pesa juu ya kanga,
anazihesabu, anakosea, anaanza upya.
Kurasa kumi na moja, pesa tu,
na mwandishi, jeuri yule, hasemi ni za nani.
Mara ya tatu anachomoa noti moja,
anaificha chini ya mtungi,
anakaa,
anairudisha.

"Si unaona?" anasema Subilaga. "Kairudisha."
"Si unaona?" anasema Ambakisye. "Kaificha."

Noti ile ile.

Juzi alipiga meza ngumi, pini zikaruka.
Nilitaka kumcheka. Nikakumbuka Katumba,
lile bonde la chai analolionyesha kwa kidevu
kila tukipita: "Pale palikuwa petu,"
na kaka yake mkubwa, ambaye simu zake hapokei
mwaka wa sita sasa.
Nikainama kuokota pini, moja moja,
nikazichelewesha makusudi.
Kuna kurasa mtu huzisoma kabla hazijaandikwa.

(Naye Subilaga, anayemtetea Melania kama wakili wa kulipwa,
hajatuambia bado ng'ombe wa mama mkwe alikwenda wapi.)

Jumamosi tunabadilishana. Nitapewa mwanzo,
una madoa ya utomvu wa ndizi, najua,
na ukurasa wa mto umejikunja kwa machozi au kwa maharage.
Naogopa kidogo. Yule wangu wa kibatari nimemzoea;
sijui nitamtazamaje akiwa mtoto.

Na kila siku wananiuliza:
fundi, lini utatushonea kitabu chetu
kiwe kizima kama vya wenzetu?
Nawajibu uzi mnene umeisha,
mpaka nikienda Mbeya.

Uzi upo. Umo kwenye kopo la majarini, nimeupaka nta,
na sindano ya magunia nimeshaitunga.
Lakini kitabu kizima husomwa na mtu mmoja,
mlango kafunga, mdomo kafunga.

Acha ukungu ushuke.
Namsikia Ambakisye, hajafika hata kwenye mtaro,
ameshaanza kubisha.